Mzinga wa viunzi vya juu: mzuri wa kukagua, mwepesi wa kujaa

Mzinga wa viunzi vya juu, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, husifiwa kwa bei nafuu na urahisi wa kurina. Hapa unapimwa kwa jambo jingine: kundi likishapata nguvu, utajua mapema kwamba linataka kugawanyika? Utajua, ila mzinga wenyewe nao una mkono wake katika kulisukuma litoke.

Viunzi vyake, yaani vipande vya mbao vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, hubanana bila mwanya. Ukinyanyua kimoja, nyuki wa masega mengine hubaki gizani wala hawachemki. Kuta za mshazari hufanya sega liwe pana juu na jembamba chini, likining'inia bila kushikamana sana na mbao, hivyo kingo zake zote huonekana. Na kingoni ndiko vinakojengwa vichumba vya malkia vya kugawanyika, wanamolelewa malkia wapya: vinaning'inia mdomo chini, ganda lina mikunjo kama ya karanga. Fukiza moshi kidogo, anzia upande usio na majana (mayai na watoto wa nyuki), nyanyua sega likiwa wima. Ukililaza ubapa, hasa likiwa jipya na zito, litakatika, maana halina waya wa kulishika.

Vikombe vitupu vya nta, mwanzo wa vichumba hivyo, visikutishe. Kundi lenye nguvu huwa navyo tu. Chungulia ndani. Kikiwa na yai, au buu linaloelea kwenye maziwa meupe ya nyuki, safari imeshapangwa. Yai huchukua siku 3, kichumba huzibwa siku ya 8 hivi, na malkia mkongwe huondoka na sehemu kubwa ya kundi karibu na siku hiyo, mvua isipomzuia. Kwa hiyo msimu wa maua kagua kila wiki; anayekagua mara moja kwa mwezi hukuta mzinga nusu. Kichumba kimoja au viwili katikati ya sega kwa kawaida ni habari nyingine: wanambadilisha malkia aliyechoka, waachie.

Tazama pia majana. Vyumba vilivyoachwa wazi vikijazwa mbochi (maji matamu ya maua) badala ya mayai, malkia anakosa pa kutaga. Nyuki kujazana mlangoni jioni, peke yake, si ushahidi. Huenda ni joto tu.

Kasoro kubwa ni nafasi. Mzinga huu hauongezwi ghorofa. Viunzi vyote vikishajengwa, umejaa, na nyuki wetu wa Afrika hawahitaji kubembelezwa ili wagawanyike. Kabla hujaona vichumba vyenye mayai, rina masega ya pembeni yaliyozibwa, kisha chomeka kiunzi kitupu kimoja au viwili kati ya masega ya majana yaliyonyooka. Ukichelewa, hiyo haitoshi: hamishia malkia mkongwe kwenye mzinga mwingine pamoja na masega 4 au 5 yenye majana, asali na nyuki wake, na kule kwa zamani acha vichumba viwili vizuri. Kuvikata vyote ni kujidanganya. Watajenga vingine, na kama malkia alishaondoka na hakuna yai lililobaki, umelifilisi kundi.

Ukinunua, beba rula. Kwa nyuki wa Afrika kiunzi kiwe na upana wa milimita 32; panga 10 kwa pamoja, jumla iwe sentimita 32. Vikizidi, masega yatavuka kutoka kiunzi hadi kiunzi na hutanyanyua kimoja bila kupasua vitatu, basi ukaguzi wote huo umekwisha. Kuna mafundi wanaotoza zaidi kwa dirisha la kioo ubavuni. Linaonyesha masega mangapi yamejaa, ila kundi likiwa nene nyuki hufunika kingo zote na vichumba havionekani. Pesa hiyo ongeza kwenye mzinga wa pili, ukae tayari mtupu.