Siku 31 katika wodi ya magonjwa ya damu: homa wanaiwahi, sinki wameliacha

Nimemuuguza mdogo wangu mwenye saratani ya damu katika wodi hii kwa siku 31, nikilala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Nampa kila muuguzi wa hapa nyota 4. Wodi yenyewe, 2.

Siku ya 11 baada ya tibakemikali, neutrofili zake, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zilikuwa chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu. Saa nane usiku kipimajoto kikaonyesha 38.4. Hakukohoa, hakuwa na usaha popote, koo halikumuuma. Kumbe usaha wenyewe hutokana na chembe hizo, naye hakuwa nazo. Nesi wa zamu hakusema tungoje asubuhi. Alichukua damu ya kuotesha maabara ili bakteria waonekane, nyingine kwenye mpira wa kifuani unaopitishia dawa mshipani, nyingine mkononi, kisha akatundika dripu ya piperasilini na tazobaktamu, dawa za kuua bakteria. Nilikuwa naangalia saa: dakika 38. Dawa inatakiwa iingie ndani ya saa moja, na mgonjwa wa aina hii akicheleweshwa anaweza kufariki kabla hakujakucha.

Siku mbili baadaye homa ilikuwa bado iko juu. Maabara ikaleta jibu: bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, mwenye vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Daktari alivuta stuli akanionyesha karatasi, majina ya dawa upande mmoja, herufi S na R upande wa pili. "Dada, kila penye R, dawa hiyo haimwezi tena mdudu huyu." Wakahamia meropenemu, dawa nyingine ya bakteria yenye nguvu zaidi. Siku ya tatu joto likashuka, mdogo wangu akaomba uji.

Mdudu katoka wapi? Daktari alisema huenda alikuwa tumboni; tibakemikali huchubua utumbo, bakteria wakapenya hadi kwenye damu. Na huko tumboni, mara nyingi wanafikishwa na mikono ya watu humuhumu hospitalini.

Ndiyo maana nilianza kuitazama mikono. Nesi mmoja wa mchana, kila alipotaka kuugusa ule mpira, alisugua mdomo wa mpira huo kwa pamba ya spiriti huku akihesabu kimyakimya, midomo ikicheza, hadi 15. Kisha anauacha ukauke. Sikumwona akiruka hata mara moja. Mwenzake wa usiku alipangusa mara moja tu. Nikamwambia, "Samahani dada, naomba urudie." Akarudia, ila alinuna hadi zamu ikaisha.

Sinki lenyewe liko hatua moja kutoka kitandani. Maji ya bomba yanaangukia tundu moja kwa moja na kurukia meza ya dawa, na watu wanamwaga humo mabaki ya chai na ya dripu. Bakteria aitwaye Pseudomonas hustawi kwenye mabomba ya namna hiyo. Nililalamika mara tatu. Ya tatu wakasogeza kitanda.

Na kitanda cha jirani kulikuwa na mgonjwa wa kuhara kwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Mlangoni waliweka kitakasa mikono cha spiriti peke yake, ilhali spiriti haiui mbegu za bakteria huyo. Hapo panahitajika maji na sabuni. Sabuni nilinunua mimi.

Duru ya pili ya tibakemikali tutarudi hapahapa, kwa sababu ya zile dakika 38. Nimeshaomba kitanda cha upande wa dirishani.