Karakana ya Unga Limited na ufungaji wa bushi za noki kwenye mishale ya alumini

Mpiga upinde wa Arusha hana mafundi wengi wa kuchagua pale noki, yaani kipande cha plastiki chenye mwanya wa kushika upote, inapoanza kulegea kwenye kitako cha mshale wa alumini. Mishale yangu niliipeleka kwenye karakana ndogo ya eneo la Unga Limited, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuchonga vyuma kwa mashine ya kerezo, nikataka kila bomba lifungwe bushi ya alumini ambayo noki huchomekwa ndani yake bila gundi, ili baadaye niweze kuibadilisha au kuizungusha ili manyoya ya mshale yasikwaruze upinde.

Kilichonipa imani ni kwamba fundi alisoma namba iliyochapwa ubavuni kabla ya kufanya jambo lolote. Kwenye mishale ya alumini ya kampuni ya Easton, tarakimu mbili za kwanza huonyesha kipenyo cha nje kwa sehemu za 64 za inchi, na mbili za mwisho huonyesha unene wa ukuta kwa sehemu za 1,000 za inchi. Kwa hiyo mshale wa 2114 na ule wa 2117 yote ina kipenyo cha nje cha takriban milimita 8.33, ilhali tundu la wa kwanza ni kama milimita 7.62 na la wa pili ni kama 7.47. Tofauti hiyo, ambayo jicho haliioni, yatosha kuifanya bushi ya mmoja igome kuingia kwenye mwingine au icheze ndani yake. Baadhi ya mishale yangu namba zilikuwa zimefutika, naye akapima tundu kwa venia, kifaa cha kupimia vipenyo, badala ya kukisia.

Usafishaji ulifanywa kwa subira: pamba iliyoloweshwa spiriti ilizungushwa ndani ya bomba na kubadilishwa mpaka ikatoka bila weusi, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta na vumbi la alumini. Kwenye gundi ndipo ustadi ulipoonekana zaidi. Alitumia gundi ya kuyeyushwa kwa moto, akaipasha bushi akiwa ameishika kwa koleo, wala hakuuelekeza moto kwenye bomba, kwa sababu aloi (mchanganyiko wa metali) ya mishale hii, mara nyingi ile iitwayo 7075, hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto kwa vipimo, na moto holela huuondoa. Kisha akaisukuma huku akiizungusha, ili gundi ienee pande zote, mpaka bega la bushi likakaa sawasawa kwenye ukingo, na ziada akaifuta kabla haijaganda. Gundi ya epoksi hushika kwa nguvu zaidi, lakini kuing'oa bushi iliyopinda huwa balaa, hivyo nakubaliana na uchaguzi wake.

Sikukubaliana naye alipotaka kusawazisha ncha za mabomba kwa kikata bomba cha mafundi wa maji. Kifaa hicho huusukuma ukingo ndani, tundu likabanwa, na bushi haikai wima. Nilimwomba atumie diski nyembamba ya kukatia, kisha atoe makapi ndani kwa msasa laini. Akakubali, ingawa kwa shingo upande. Mshale uliozungushwa mezani ukaonekana kuyumba kitakoni aliupasha moto taratibu, akaing'oa bushi na kuifunga upya bila malipo ya ziada.

Bushi zenyewe hana. Mteja huziagiza nje ya nchi, na hilo kwangu ndilo pungufu kubwa la huduma hii, maana fundi anayejua kupima kiasi hiki angeweza kuweka akiba ya saizi chache. Anayekwenda abebe pia noki zake, ili zijaribiwe papo hapo: ziingie kwa kubanwa kwa vidole, wala zisihitaji nyundo. Afike asubuhi ya siku ya kazi, kwani Jumamosi meza yote hujaa vipuri vya bodaboda.