TAHADHARI: Kijana anayeuza tovuti zenye “hostingi ya bure maisha” Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi wenye nyumba ndogo za wageni, mnaopeleka watu mashamba ya viungo, na wenye ngalawa za kutembezea wageni. Yupo kijana anazunguka huku kwetu kusini anauza tovuti. Ameshaniumiza, na nimeshaonana na wenzangu wanne aliowaumiza vile vile: wawili Paje, mmoja Nungwi, na mmoja Wete. Naandika ili asitokee wa sita.

Anakuja na adabu zake. Anakuita shangazi, anaomba maji ya kunywa, anakaa barazani. Halafu anafungua kompyuta anakuonesha tovuti za mahoteli makubwa, anakwambia na wewe utakuwa nayo kama hii kwa shilingi 350,000, unalipa mara moja tu. “Hostingi ni bure maisha, shangazi. Hutolipa tena.” Hostingi, kwa asiyejua, ni pahala kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka saa zote, ambapo tovuti yako inakaa ili watu waione.

Mimi nina vyumba vitano Jambiani. Mtandao ninaouzia vyumba unanikata asilimia 15 ya kila mgeni, kwa hiyo aliposema wageni watanijia moja kwa moja, nilimuamini. Na kazi aliifanya. Siku ya tatu nikaiona tovuti yangu, na picha ya baraza langu, na mwanangu kashika dafu. Akanifungulia na barua pepe yenye jina la nyumba. Nilifurahi, na nikawaonesha jirani zangu wote.

Masika ikapita kimya. Mwezi wa sita, wageni ndio wanaanza kuulizia, tovuti ikawa haifunguki, unaona maandishi ya Kiingereza kwamba akaunti imesimamishwa. Nikampigia. “Seva imejaa, tuma 120,000 niifungue.” Nikatuma. Asubuhi ikafunguka, nikamuombea dua. Baada ya wiki tatu ikajifunga tena, nikatuma tena 120,000. Sasa sikilizeni. Zipo huduma za bure ambazo zinaweka kikomo cha matumizi kwa siku, na ukikipita wanakufungia halafu wanakufungulia wenyewe baada ya saa 24. Nilimlipa mara mbili kwa kitu ambacho kingefunguka chenyewe kulipokucha.

Kisha akataka 80,000 ya “kufuli”, ile alama inayoonesha kwamba tovuti ni salama. Cheti cha kufuli kinatolewa bure. Lipo shirika lisilo la biashara huko Marekani, Let's Encrypt, linavitoa kwa kila mtu tangu mwisho wa 2015, na huduma nyingi za hostingi zinakiweka zenyewe bila ya wewe kugusa kitu.

Hizo ni pesa, na pesa zinatafutwa. Lililoniumiza ni la mwezi wa nane. Ilikuwa baada ya magharibi, teksi ikasimama mlangoni, akashuka mama mmoja wa Kijerumani na bintiye mdogo, masanduku mawili, karatasi mkononi. Juu ya karatasi jina la nyumba yangu, chini anuani ya barua pepe yangu. Wameshalipa dola 180 kwa siku tatu. Mimi sijapata hata senti, na vyumba vyote vitano vina watu. Niliisoma ile barua mara mbili. Maneno ya mwanzo yalikuwa yangu kabisa, vile ninavyowaandikia wageni siku zote, mpaka salamu za kumtakia safari njema. Aliyeiandika alikuwa amezisoma barua zangu za zamani na kuninakili. Na pesa kazielekeza kwenye akaunti nisiyoijua.

Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Ninachokijua ni kwamba ukiniondoa mimi, neno la siri la ile barua pepe lilikuwa kwake peke yake, maana ndiye aliyeifungua. Yule mama na mtoto niliwapa chumba changu mwenyewe, mimi na wanangu tukenda kulala kwa dada yangu. Sikumdai kitu. Lakini nilimuona anavyonitazama siku ile ya kwanza, alidhani mwizi ni mimi.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta ndiye aliyekaa na mimi akanieleza. Hostingi ilifunguliwa kwa anuani ya kijana. Jina la tovuti, yaani domeni, lilinunuliwa kwa akaunti ya kijana. Barua pepe kadhalika. Tovuti yenye jina la nyumba yangu haikuwa yangu hata siku moja. Na hilo neno “maisha” ni uongo: majina ya .com yanakodiwa kwa mwaka mmoja hadi kumi na lazima yalipiwe upya. Ukienda lookup.icann.org ukaandika jina la tovuti yako, utaona limesajiliwa lini, wapi, na linakwisha lini. La kwangu lililipiwa mwaka mmoja tu.

Sisemi vya bure vyote vibaya. Kosa ni kumlipa mtu kwa cha bure, halafu ufunguo ukabaki kwake. Lakini hata ukichukua mwenyewe, jua unachukua nini. 000webhost ilikuwa katika huduma za bure zilizojulikana sana duniani, watu waliipenda miaka. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba maelezo ya wateja wake kiasi cha milioni 13 yameibiwa, na maneno ya siri yalikuwa yamehifadhiwa wazi kama yalivyo. Mwaka 2024 ikafungwa moja kwa moja. Mwaka huo huo, mwezi wa tatu, Google walizima zile tovuti ndogo za bure walizokuwa wakiwapa wenye biashara kupitia ramani yao. Freenom nao, waliokuwa wakigawa majina ya bure kama yale ya .tk, waliacha kusajili mwaka 2023. Kwa hiyo weka nakala ya picha na maandishi yako yote kwenye simu au kompyuta yako, kila unapobadilisha kitu.

Mimi sasa nimefungua ukurasa wa bure wa Google Sites kwa barua pepe yangu. WordPress.com nao wana wa bure, ila wanaweka matangazo yao na jina lao linakaa kwenye anuani ya tovuti yako. GitHub Pages, nyingine ya bure, mpwa wangu anaisifu sana, lakini masharti yao hayaruhusu kuitumia kuendesha biashara ya mtandaoni, kwa hiyo nimeiacha. Soma masharti, na kama Kiingereza kinakushinda, mpe kijana wa skuli akusomee. Jina la tovuti ndilo kitu kimoja ninachosema lipia, na ulipie mwenyewe, kwa akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe yako. Ukitaka la .tz, limo pia, linapatikana kwa wasajili walioidhinishwa hapa hapa Tanzania.

Kama umeshafanya naye kazi, leo hii fanya haya: tafuta jumbe zote za malipo ya simu uzihifadhi, usifute hata moja. Badilisha anuani ya barua pepe iliyo kwenye ramani ya Google na kwenye mitandao ya vyumba, weka unayoimiliki. Waandikie wageni wote walioweka nafasi, waambie wasitume pesa yoyote kabla ya kukupigia. Namba aliyotumia itume kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kupitia 15040. Kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku Zanzibar, na mimi malalamiko yangu nimeshayaandikisha, ndio sababu jina lake sitolitaja hapa. Tukiwa watano wenye jumbe mkononi, tutasikilizwa kuliko mmoja.

Na kama amekaa barazani kwako wiki hii na bado hujamlipa, usilipe. Mwambie afungue kila kitu kwa barua pepe yako, mbele yako, neno la siri uliandike wewe, na namba ya uthibitisho iingie kwenye simu yako. Akikwambia hilo haliwezekani, mpe maji yake anywe aende.