CS50 ya Harvard: vidio ni nzuri, ila mazoezi ndo yanakufanya developa

Kila mara kuna mtu ananiuliza aanzie wapi kujifunza kuandika programu, na wengi wanakuja simu imejaa vidio za YouTube, hii ya Python, ile ya JavaScript, nyingine ya kutengeneza app kwa saa moja, zote kaziangalia mpaka mwisho na bado ukimpa faili tupu aandike kitu cha kwake anaikodolea macho tu. Jibu langu ni lile lile, nenda CS50. Leo naieleza kwa kirefu kidogo maana watu wanaisikia juu juu, wanajua ni ya Harvard basi wanaona hiyo ni ya vipanga wa hesabu au ya wenye hela, wanaiacha.

Ni kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Profesa David Malan anaifundisha tangu 2007 na toka 2012 ipo edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kwa yeyote mwenye intaneti, bure. Na bure yenyewe ni bure kweli, hakuna cha kuombwa kadi ya benki baada ya wiki. Wiki ya 0 unaanza na Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi rangi, halafu wiki ya 1 unaingizwa kwenye C na unakaa humo mpaka wiki ya 5, ndo inakuja Python, SQL ya kuulizia data, HTML, CSS na JavaScript za kurasa za wavuti, na Flask, ya kujengea tovuti kwa Python, karibu na mwisho.

Kwenye C ndo wengi wanakimbia. Utasikia "C ya nini siku hizi, kazi zote JavaScript". Mi naona C ndo moyo wa kozi nzima, kwa sababu C haikufichi kitu, ukitaka nafasi kwenye memori unaiomba mwenyewe kwa malloc, ukimaliza unairudisha mwenyewe kwa free, ukisahau programu inakuumbua. Mtu aliyepitia hapo akifika wiki ya 6 anaambiwa aandike kwa Python mazoezi yale yale aliyoyaandika kwa C, anaona mistari inapungua mbele ya macho yake, na anajua kabisa ni kazi gani Python inamfanyia kule chini.

Vidio zenyewe, Malan anajua kufundisha jamani. Lile somo la wiki ya 0 alilozoea kushika kitabu kinene cha namba za simu, anafungua katikati, anachana, nusu anatupa, anafungua katikati ya kilichobaki, anachana tena, ukishaona hivyo binary search (kutafuta kitu kwa kugawa katikati kila mara) haikutoki kichwani maisha yako yote. Tatizo ni kwamba anaongea haraka na Kiingereza chake hakipumui, kwa hiyo punguza spidi ya vidio iwe 0.75 na uwashe maandishi ya chini, wala usione aibu. Na ni ndefu, somo moja linaweza kupita saa mbili, ukiangalia kwa ubora wa juu bando linakwenda lote. Kwa wenye bando la mawazo nawaambia hivi, kwenye ukurasa wa kila wiki kuna vidio ya kushusha kwa ubora mdogo, kuna sauti peke yake, na kuna maelezo yaliyoandikwa somo zima pamoja na kodi zote (yaani code, programu zilizoandikwa). Hayo maelezo hayali kitu kwenye bando na yanatosha kabisa kukupeleka kwenye mazoezi.

Sasa mazoezi. Hapa ndo CS50 inaziacha mbali kozi nyingi za vidio nilizowahi kuziona, za bure na za kulipia.

Chukua moja tu, Recover, la wiki ya 4. Picha zimefutwa kwenye memori kadi, wewe unapewa faili moja inaitwa card.raw na kazi yako ni kuandika programu ya C inayozirudisha. Unasoma baiti 512 kwa mkupuo, unachungulia za mwanzo, kama ya kwanza ni 0xff (0x ni alama tu ya namba za mfumo wa 16), ya pili 0xd8, ya tatu 0xff, na ya nne inaanzia na 0xe, hapo picha mpya imeanza, unafungua faili la 000.jpg unamwaga baiti humo, ukikutana na alama hiyo tena unafunga la kwanza unafungua 001.jpg, hivyo hivyo mpaka kadi iishe. Ukipatia zinatoka picha 50. Hakuna vidio itakayokupa kitu kile unachokipata unapoifungua picha ya kwanza ukaona imetokea, kwa kodi uliyoandika mwenyewe mstari kwa mstari, na toka siku hiyo faili la aina yoyote halikutishi tena, unajua ni baiti tu zimepangwa kwa utaratibu fulani.

Halafu kuna check50. Ukimaliza zoezi unaandika amri moja kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri), programu yako inajaribiwa kwa majaribio mengi, kila jaribio lililopita linakuja na kauso ka kijani kanakotabasamu na lililofeli kanakuja kekundu kamenuna, chini yake unaambiwa lilitegemewa jibu gani na wewe umetoa lipi. Saa nane usiku, upo Kigoma au Lamu, hakuna mwalimu, ila kazi yako inasahihishwa hapo hapo. Tena kuna bata, yaani roboti wao wa AI tangu 2023, ukimuuliza swali anakuelekeza hakupi jibu, na huyo ndo unaruhusiwa, ChatGPT na wenzake kwenye mazoezi hapana. Lifuateni hilo jamani, ukibandika jibu la roboti umepata tiki na hujapata kitu kingine.

Mapungufu yapo. Kazi unafanyia kwenye brauza kupitia cs50.dev, mtandao ukiyumba na wewe umesimama. Pia kati ya somo na zoezi kuna pengo, unaelewa vizuri darasani halafu unakutana na Tideman, zoezi la kuhesabu kura la wiki ya 3, unahisi umeruka madarasa mawili (unaruhusiwa kufanya zoezi jepesi zaidi la Runoff badala yake, fanya hivyo, Tideman utairudia ukikomaa). Na check50 inaangalia kama jibu ni sahihi, haikwambii kama kodi yako inasomeka na mtu mwingine, kwa hiyo tafuta mwenzio msomeane, hata kama ni mmoja.

Cheti kipo cha bure kutoka CS50 wenyewe, unatakiwa upate angalau asilimia 70 kwenye kila seti ya mazoezi na ufanye projekti ya mwisho pamoja na kavidio kafupi ka kuielezea. Kile cha edX ndo cha kulipia, sioni haja kama hela ni ya kuungaunga. Mwaka ukiisha kabla hujamaliza alama zako zinahamia mwaka unaofuata, kwa hiyo mwenye kazi na familia aende taratibu tu.

Na nyie mnaoendesha mafunzo hapa kwetu, mnachaji watu hela nzuri. Nimekaa kwenye darasa moja la kulipia, silitaji, mwalimu anaandika kwenye projekta sisi tunakopi, hadi tunaondoka hakuna zoezi hata moja lililosahihishwa. Inaniuma kwa sababu mle ndani kulikuwa na vijana waliouza vitu ili walipe ada. Vifaa vya CS50 vina leseni ya Creative Commons, unaruhusiwa kuvitumia na kuvibadilisha ukiwataja wenyewe, usivifanyie biashara, na unachokitengeneza ukitoe kwa leseni hiyo hiyo, na check50 kodi yake iko wazi. Maana yake mwalimu wa sekondari Dodoma au kikundi cha vijana Mombasa anaweza kuyachukua mazoezi haya, akaandika maelezo kwa Kiswahili, vijana wakafanya na wakasahihishwa.

Anayeanza leo afungue kwanza akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, maana ndo inatumika kuingilia na kukusanyia mazoezi. Na kama C kweli inakukosesha usingizi, ipo CS50P, ya Python tupu, mwalimu ni Malan huyo huyo na check50 ni ile ile, imalize hiyo kwanza halafu ndo urudi kwenye C.