Glavu za Kubangulia Korosho: Zipi Ununue, Zipi Uziache Dukani

Wengi wanaobangua korosho nyumbani, iwe Newala, Tandahimba au Nachingwea, huogopa nyundo na kisu cha mashine, ilhali kinachoharibu mikono zaidi ni mafuta yaliyojificha katika vitundu vya ganda. Mafuta hayo yana asidi ya anakadi na kadoli, ambazo huibabua ngozi na kuiachia madoa meusi. Msimu mmoja nilibangua kwa mikono mitupu niliyoipaka majivu, kama bibi alivyotufundisha. Siku ya tatu ncha za vidole zilikuwa zinabanduka kama maganda ya kitunguu, na kushika chumvi ilikuwa adhabu. Majivu hunyonya mafuta, lakini hayayazuii. Kwa hiyo glavu ichaguliwe kwanza kwa kuangalia imetengenezwa kwa kitu gani, ndipo uangalie unene wake.

Nafasi ya kwanza naipa glavu nzito ya naitrili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, yenye mkono mrefu unaofunika kifundo, kwa sababu naitrili hustahimili mafuta. Mara nyingi hupatikana katika maduka ya pembejeo, kwa kuwa huvaliwa pia wakati wa kunyunyizia mikorosho dawa. Hata hivyo, jozi iliyokwisha kushika viuatilifu isiguse kamwe korosho ya kuliwa. Kabla ya kulipa, ijaze hewa, sokota mdomo wake kisha uiminye karibu na shavu: ikiwa na tundu, utasikia upepo. Pima pia mzunguko wa kiganja kwa futi ya fundi cherehani, kwani sentimeta 20 hivi ni namba 8 na sentimeta 23 ni namba 9. Glavu inayopwaya huteleza, na korosho ikiteleza nyundo hukutana na kidole. Joto la kwetu nalo halina huruma, hivyo vaa ndani yake glavu nyembamba ya pamba ya kunyonya jasho.

Ya pili ni ile ya kitambaa iliyochovywa naitrili kiganjani. Inashika vizuri na haichoshi mkono, lakini mgongo wake uko wazi na mafuta hupenya, kwa hiyo inaufaa zaidi mkono unaoshika mpini wa mashine kuliko ule unaoshika korosho.

Glavu za mpira za kuoshea vyombo ni za tatu, tena kwa shingo upande: mpira wa asili huvimba na kulegea ukikutana na mafuta, kwa hiyo uzitupe mara zinapoanza kunata. Zile nyembamba za hospitali huchanika upesi kwenye ganda, ingawa zinafaa kwa kumenya ngozi laini ya kiini baada ya ganda kutoka.

Za mwisho ni za ngozi na za pamba tupu, ambazo wauzaji huzisifia kwa ugumu wao. Hizo hunyonya mafuta na kuyatunza, na ukizivaa kesho yake unajipaka upya mafuta ya jana.