Kioo cha Sonara Mbele ya Postikadi ya Unguja

Kioo hiki cha kukuzia kimechongwa alama ya 30x ubavuni, yaani eti hukuza mara 30, na alama hiyo si ya kweli. Nalitaja hilo mwanzo kabisa kwa kuwa ndiyo kasoro yake kubwa, ingawa haikunizuia kukitumia karibu kila wiki kwa muda wa miezi minane. Ni kioo kidogo cha kukunja, cha aina ile wanayoitumia masonara na mafundi saa: lenzi yenye upana wa milimita 21, kifuniko cha chuma kinachozunguka kwenye pini moja, na hakuna jina la kiwanda popote. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000 kwa nia ya kuchunguza postikadi na picha za zamani ambazo ukoo wetu umezihifadhi miaka mingi ndani ya bati la biskuti.

Kupima ukweli wa alama hiyo hakuhitaji utaalamu. Lenzi inayokuza mara 10 huonyesha maandishi vizuri ikiwa umbali wa milimita 25 hivi kutoka kwenye karatasi, ilhali ya mara 30 ingebidi isogezwe mpaka milimita 8. Changu huona sawasawa kwenye milimita 28, yaani hukuza mara 9 kwa makisio. Sikuona sababu ya kukirudisha, kwa maana lenzi ya mara 30 halisi ingenionyesha sehemu ndogo mno ya kadi, na ingeizuia hata nuru isiingie.

Kadi iliyonifanya nikithamini kioo hiki ni ya Forodhani, Unguja, yenye maelezo yaliyochapwa kwa Kiingereza kwamba hapo ni kasri la Sultani. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye bati, alikwisha kuipa tarehe yake zamani: “Mwanangu, hiyo ni Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, na huo ndio mnara wake wa saa. Picha ya zama za Sayyid Khalifa hiyo.” Kwa macho matupu nisingeweza kumbishia, kwani mnara unaonekana umegandana na jumba. Chini ya lenzi, hata hivyo, nguzo za baraza zinapita nyuma ya mnara bila kukatika, na shina la mnara linasimama peke yake chini, mbele ya jumba. Huo si mnara wa saa. Ni mnara wa taa wa kuongozea vyombo, ambao uliangamia katika mashambulizi ya manowari za Kiingereza ya tarehe 27 Agosti 1896; jumba lilipokarabatiwa mwaka 1897 ndipo mnara wa saa ulipojengwa kwenye uso wake. Kwa hiyo picha ilipigwa kabla ya siku hiyo ya Agosti, na baada ya 1883, mwaka ambao Sayyid Barghash alilijenga jumba lenyewe. Sayyid Khalifa bin Harub hakutawala mpaka 1911.

Upande wa pili wa kadi unasimulia jambo jingine. Nyuma hakuna mstari wa kutenganisha ujumbe na anwani, kama ilivyokuwa kwa kadi za mwanzo, kabla ya Uingereza kuruhusu mgawanyo huo mwaka 1902 na Ujerumani kufuata mwaka 1905; wachapaji na wauzaji waliendelea kumaliza akiba zao za zamani, hivyo alama hii peke yake haitoshi. Stempu ni ya anna moja, sarafu ya Kihindi iliyotumika zamani, na Unguja ilianza kutoa stempu za senti mwaka 1908. Muhuri wa posta, ambao kwa macho ni doa jeusi tu, chini ya lenzi ulitoa tarakimu mbili: 05. Mtu alinunua kadi mwaka 1905 akampelekea jamaa yake mandhari ambayo wakati huo ilikuwa imetoweka kwa karibu miaka tisa, na huenda yeye mwenyewe hakujua. Tangu hapo sichanganyi tena umri wa picha na umri wa kadi, na sioni aibu kusema kwamba kabla ya hapo nilikuwa nikivichanganya.

Anayetaka kununua kioo cha namna hii ajue kuwa manufaa yake hutegemea namna kadi ilivyochapwa, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kioo chenyewe humfundisha. Kadi iliyochapwa kwa vitone, kama picha za gazeti, ikikuzwa hutoa vitone vikubwa zaidi na si habari zaidi. Uso wa mtu huvunjika ukawa mchanga. Kadi za mtindo ambao Wajerumani waliuita Lichtdruck hazina vitone, bali vijistari vilivyopindapinda kama nyufa za tope lililokauka, nazo huhifadhi mambo madogo vizuri zaidi. Picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha haina chochote cha namna hiyo, na hapo ndipo kioo kinapolipa gharama yake: vifungo vya kanzu, pini za bendera, herufi za vibao vya maduka, vyote hujitokeza.

Rangi nazo zina udanganyifu wake. Kadi nyingi za rangi za miaka ile zilitokana na picha nyeusi na nyeupe zilizotiwa rangi kiwandani Ulaya, mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kuiona pwani yetu. Lenzi huonyesha rangi ikivuka mpaka wa nguo na kuingia kwenye mkono wa aliyeivaa. Asitokee mtu akaandika historia ya mavazi ya Waswahili kwa kutegemea wekundu wa kadi hizo.

Kasoro nyingine za kioo hiki ni ndogo. Pini yake ililegea mwezi wa tano, fundi saa akaikaza kwa dakika mbili. Kingo za lenzi hupinda mistari, kwa hiyo ni sehemu ya katikati tu inayofaa kusomea. Niliwahi kuazima chenye taa ndani yake nikakirudisha, kwani taa hung’aa juu ya karatasi laini na kuficha kile ninachokitafuta. Nuru ya dirishani asubuhi, ikipiga kwa mshazari, ni bora zaidi, na huibua hata alama za kalamu iliyokandamiza upande wa pili. Simu hukuza pia, lakini baadhi ya simu hurekebisha picha zenyewe na kulainisha nyuso, na mimi sitaki simu inikisie.

Picha ambayo imetushinda kwa sehemu ni ya studio, imebandikwa kwenye kadi ngumu kama walivyofanya wapiga picha wa Kigoa wa Unguja, akina A. C. Gomes na Coutinho. Wamo wanawake wawili, mmoja amekaa na mmoja amesimama. Hakuna jina lililoandikwa nyuma, na hata katika ukoo wetu hakuna anayewajua. Kanga ya aliyesimama ina maandishi ya herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa kanga za mwanzo kabla ya herufi za Kirumi kuenea, na nusu yake imemezwa na mikunjo. Mimi niliona mistari tu. Shangazi, aliyesoma chuo cha Kurani utotoni, alikishika kioo, akainamisha kichwa kwa muda mrefu, kisha akasoma neno moja bila kusita: subira. Lililotangulia na lililofuata yamo ndani ya mkunjo.

Kesho yake aliniagiza nimletee kioo chake mwenyewe. Nilirudi kwa muuzaji yuleyule, safari hii nikiwa na rula mfukoni, nikanunua kilichochongwa 40x. Kwa rula yangu kinakuza mara 9, sawa na cha kwanza.