Elfu ishirini ya ulingoni, elfu moja ya bandani

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndiyo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Mimi ni mtu wa ngumi tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa na stori moja aliyoirudia kila tukikaa kutengeneza nyavu: Ali na Foreman, Kinshasa, mwaka 1974. Ile ngumi ya mwisho hakuipa uzito sana. Yeye alisimulia zile raundi za Ali kuegemea kamba, Foreman anashusha makonde mpaka mikono inamwisha nguvu, ikafika raundi ya nane akaenda chini. Mimi ngumi nimezipendea hapo, kwenye ile subira.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita mtaani na spika juu, likinadi usiku wa mabondia hapahapa Mwanza, sikujiuliza mara mbili. Nikakata tiketi ya elfu ishirini, viti vya mbele. Mpwa wangu, anayeendesha bodaboda Buzuruga, akanisikitikia. "Anko, hiyo hela ungeenda banda mara ishirini ukaangalie UFC." UFC ni yale mapambano ya kizimbani ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Nikamwambia aache utoto.

Tangazo lilisema saa moja jioni. Saa mbili ndiyo kwanza wanakaza kamba za ulingo. Kiti changu cha mbele nimekikuta kimekaliwa na watu waliokuja na promota, nikaambiwa nivumilie kidogo. Nikavumilia nimesimama. Yakapigwa mapambano mawili ya utangulizi, mazuri tu, halafu muziki. Muziki, MC, muziki, MC. Kila akishika kipaza sauti anatuambia burudani inaendelea.

Pembeni yangu alikaa kijana mmoja wa Igoma, wa uzito mdogo, juu ya kreti la soda. Huyu ndiye hanitoki kichwani. Mikono yake ilikuwa imeshafungwa bandeji tangu saa mbili, na kocha wake alimfunga kwa ufundi: imepita katikati ya kila kidole, imezungushwa kifundoni, plasta juu, na msimamizi kasaini juu ya plasta kwa kalamu ya wino mzito. Bandeji ikishasainiwa huifungui. Kwa hiyo kijana hawezi hata kujifungulia chupa ya maji, anafunguliwa na mwenzake. Kila baada ya muda anakunja ngumi na kuikunjua ili damu itembee. Saa tatu. Saa nne. Saa tano.

Saa sita ilishapita minong'ono ilipoanza. Mara daktari hayupo, na bila daktari pambano halipigwi. Mara bondia mkubwa yuko hotelini, hatoki mpaka amaliziwe hela yake. Nikamfuata jamaa mmoja mwenye kitambulisho shingoni. Nikamuuliza kwa upole kabisa, kijana wangu, pambano lipo au halipo? Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mzee, ukichoka si unaenda kulala? Nani kakushika?"

Nani kakushika! Mtu umri wa mwanangu wa mwisho, na elfu ishirini yangu iko mfukoni mwao. Ningerudishiwa hata buku tano pale ningesahau, lakini lile neno sijalisahau mpaka leo.

Saa nane usiku wakaanza kuzima taa. Hakuna aliyepanda jukwaani kutuambia samahani. Kocha wa yule kijana akatoa mkasi, akachana bandeji taratibu, ikaanguka chini na sahihi yake. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa jasho kama vya mvuta kokoro aliyeshinda majini. Kijana akavitazama, akavaa koti, akaondoka. Hakurusha hata ngumi moja.

Ungeniuliza wiki ile, ngumi ningezipa nyota moja, tena kwa ajili ya yule kocha.

Jumapili fulani baadaye mpwa akanipitia alfajiri na pikipiki, tukaenda hilo banda lake Mabatini. Bati, mabenchi, mama wa chai na chapati mlangoni. Shilingi elfu moja. Nilipoingia vijana wawili wakanyanyuka. "Shikamoo mzee, kaa hapa mbele uone." Kiti cha mbele! Na pambano likaanza saa ileile waliyosema.

Nakiri nilinogewa. Glovu ndogo, vidole viko wazi, mtu anapiga teke la paja, mwenzake anaona mwanya, anamnyanyua mzimamzima na kumbwaga. Jamaa akakabwa shingo kwa nyuma, akagonga mkono kuomba aachiwe, mwamuzi akaingia papo hapo. Ngumi ina mlango mmoja wa hatari, mchezo ule una minne. Nimeelewa vijana wanachokipenda. Halafu wana watu wao wa kujivunia: Usman na Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, na Ngannou wa Kameruni. Bandani wanawataja kama majirani.

Ila waliponiambia kwamba Ngannou alipovuka kuja kupigana na mabondia aliaibisha ngumi, hapo nilikataa. Ni kweli alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu kule Riyadh, Oktoba 2023, na mpaka leo naona majaji walimwonea kumpa Fury ushindi. Lakini Machi 2024 bondia Anthony Joshua alimlaza raundi ya pili tu. Na tuliposikia Mwakinyo, kijana wa Tanga, kammaliza Mwingereza Eggington raundi ya pili, huko Birmingham kwao, mwaka 2018, ni ngumi ile, siyo kitu kingine.

Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona niliyemkasirikia siye. Ngumi haikuninyang'anya kiti. Wale wa kizimba cha UFC nitawaona kwenye luninga mpaka nizeeke, lakini sijui mtoto wa nani anapigana mle. Huku Igoma nasikia begi linapigwa jioni nikipita, na namjua anayelipiga.

Yule kijana akipangiwa tena, hata kwa promota huyohuyo, nitalipa. Nimeshamwambia kocha wake. Ila kiti nitabeba cha kwangu.